Mwanangu, usikubali kuambiwa "ni uzee tu"

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Machame hatujambo, mvua zimetulia na ng'ombe amezaa.

Swali lako sikutaka kulijibu kwa simu, maana simuni tungekatishana maneno. Umesema umefika miaka 43, unasahau ulikoweka funguo, na kila ukisahau unamkumbuka Bibi yako alivyokuwa akikuita kwa jina la shangazi yako. Unauliza kama na wewe umeandikiwa kuishia pale, na mimi nafanya nini hata leo bado natunza daftari la kikoba.

Kusahau funguo huku unawaza ada za shule na foleni ya barabarani kusikutie hofu. Cha kutisha ni kile nilichokiona kwa Bibi yako mwenyewe. Siku moja nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria ya kiburu. Ndizi zimeshamenywa, maharage yameiva, magadi yako mkononi, naye hajui kinachofuata. Chakula alichokipika tangu usichana wake! Alinitazama, akaniuliza taratibu kama wageni wameshafika. Wageni hawakuwapo.

Watu walisema ni uzee. Wengine walinong'ona kuwa karogwa. Mimi nimefanya kazi ya unesi hadi nikastaafu, na nakuambia kilichomchukua mama yangu: ni presha. Alipewa dawa, kichwa kikaacha kuuma, akasema amepona, akaziacha. Tukimsihi anazimeza wiki moja, kisha anaziacha tena. Presha haiumi, mwanangu, ndiyo maana inaua. Asubuhi moja mdomo ulipinda, mchana ukarudi, wote wakamshukuru Mungu. Kilikuwa kiharusi kidogo. Vikaja vingine, na kila kimoja kilipopita alikuwa amepungukiwa na kitu. Kumbukumbu zake zilishuka kama mtu ashukaye ngazi: anasimama hapo miezi, halafu anashuka tena. Usahaulifu wa aina hii hutoka kwenye mishipa ya damu ya ubongo, na mishipa hiyo huanza kuharibika mtu akiwa na umri kama wako.

Wala Bibi hakuwa peke yake. Watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya yetu ya Hai, wakakuta karibu 7 katika kila 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Na ninyi wa Dar es Salaam msidhani mmesalimika. Kati ya mwaka 2003 na 2006 waliopata kiharusi walihesabiwa Hai na huko Dar, na tofauti ya umri ilipozingatiwa, Dar iliizidi Hai karibu mara tatu. Mjini mnakaa sana, mnalala kidogo, na chipsi zenu zinamwagiwa chumvi mbichi kabla hata hamjazionja. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima haitakiwi kufika kijiko kimoja cha chai kilichojaa, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Kwa hiyo kumwona Bibi vile hakumaanishi umerithi hukumu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilieleza kwamba karibu nusu ya magonjwa haya ya kupoteza kumbukumbu duniani, yaani kama 45 katika kila 100, yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Walitaja mambo 14. Presha ya umri wa kati imo, kisukari kimo, sigara na pombe nyingi, kutoushughulisha mwili, moshi tunaouvuta. Sehemu iliyobaki hatuna mamlaka nayo, na sitakudanganya kuwa yupo anayeweza kukupa dhamana.

Mengine katika hayo nimeyaona hapa kijijini kwa macho yangu.

La kwanza ni masikio. Kuna mwenzetu wa kikoba alianza kujibu visivyo. Ukimuuliza marejesho, anakueleza habari za mjukuu. Watu wakasema akili zimeanza kuondoka, wakaacha kumwuliza. Naye akaacha kuja. Nilimshika mkono nikampeleka hospitali ya KCMC, wakamsafisha nta na kumpima, na ikaonekana hasikii vizuri masikio yote mawili. Amepata kifaa cha kumsaidia kusikia, na sasa ndiye anayetusahihisha hesabu. Mtu asiyesikia hujitenga, na anayejitenga ubongo wake hukosa kazi. Angeendelea kukaa ndani vile, tungemzika akiwa hai.

La pili ni upweke na sonona. Baba yako alipofariki, mnakumbuka nilivyokonda. Nililalamika mgongo na tumbo, vipimo vyote vikawa safi. Mtu wa umri wangu mara nyingi halii, husema anaumwa. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wa namna hiyo, ndiyo maana nilimwambia daktari waziwazi kuwa nina huzuni isiyoondoka, nikatibiwa. Na wale kina mama wa jumuiya waliokuwa wanakuja kila jioni bila kuitwa, wakaosha vyombo na kukaa, walinitibu pia. Siku ukiona na wewe huna hamu na kitu kwa wiki mbili mfululizo, usijikaze. Sema.

Ndugu zako wananiambia nihamie mjini nipumzike. Nawashukuru, lakini kukata majani ya ng'ombe na kupanda kile kilima cha kanisani ndiko kunakonipa miguu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi ya kiasi hicho kwa wiki, na sisi tuliopita miaka 65 tuongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu au zaidi. Nami kila asubuhi nainuka kitini bila kujishika, narudia hadi mapaja yawake moto, kisha nasimama mguu mmoja kando ya meza. Nimeuguza wazee wengi waliovunjika nyonga. Wengi wao walianguka nyumbani kwao, njia ya chooni. Halafu nakula yai, maharage na maziwa, maana mzee anayeishi kwa chai na mkate misuli yake inayeyuka.

Sasa kazi yako. Nunua mashine ya presha, ile ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko, usinunue ya kwenye kifundo cha mkono. Kaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza, usiwe umetoka kunywa kahawa. Pima asubuhi na jioni wiki nzima, andika zote, hata zile usizozipenda. Zikicheza kwenye 135 kwa 85 au kupita, nenda hospitali na karatasi yako. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Mkija Krismasi nitazitaka hizo namba. Na mpime kaka yako pia, mwambie ni mimi nimeagiza.

Ni mimi mama yako.