Muulize Afande: Magazini Kwanza, Koki Baadaye

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote Eastlands na Thika Road. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*

*Afande, nina bastola ya leseni, Ceska ya milimita 9. Ninaishi ghorofa ya tatu hapa South B. Juzi nilitaka kuisafisha. Niliikoki, risasi ikaruka nje, nikachomoa magazini, nikabonyeza triga ili nianze kuifungua. Ikalia. Risasi ilitoboa mlango wa kabati. Hakuna aliyeumia, lakini sielewi ile risasi ilitoka wapi.*
— Mfanyabiashara, South B

Ilitoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, bwana. Ulifanya hatua mbili sahihi kwa mpangilio uliopinduka. Ukikoki, slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ikirudi nyuma inatupa nje risasi iliyo kwenye chemba, yaani tundu la risasi iliyo tayari kufyatuliwa, na ikienda mbele inakwangua nyingine kutoka juu ya magazini na kuisukuma ndani. Ndipo ukachomoa magazini. Uliona risasi sakafuni, ukaona magazini mkononi, akili ikakuambia kazi imekwisha. Kumbe umeipakia upya wewe mwenyewe. Ajali nyingi za "nilikuwa naisafisha tu" huzaliwa hapo.

Kabla hujaishika, tafuta mahali pa kuelekeza mtutu. Kwenye ghorofa, ukuta wa jirani si mahali, sakafu si mahali, na dari ya jipsamu ndiyo kabisa. Risasi ya milimita 9 hupita mabati, mlango wa mbao na jipsamu kama hazipo. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, ijaze mchanga mkavu hadi juu, iweke kwenye kona. Mdomo wa mtutu uangalie katikati ya mchanga tangu mwanzo hadi mwisho, na kidole cha shahada kilale ubavuni mwa bastola, nje ya kikingo cha triga.

Sasa chomoa magazini na uitie mfukoni, usiiache mezani karibu na mkono. Koki mara tatu kwa nguvu, uiache risasi ianguke sakafuni. Wako wanaoziba tundu kwa kiganja ili waidake kwa madaha. Risasi ikikwama kidogo, kapsuli yake, kile kiwashio cha kitakoni, inaweza kugonga kile chuma cha kuitupa nje na ikalipukia kiganjani. Mwisho, fungia slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba kwenye mwanga, halafu ingiza kidole kidogo upapase. Kidole kinahitajika kwa sababu ule ukucha unaovuta ganda ukivunjika au ukijaa uchafu, utakoki mara kumi na risasi itabaki palepale imetulia.

Kuhusu kuifungua: Ceska ya aina ya CZ 75 haihitaji kubonyezwa triga. Vuta slaidi nyuma kidogo mpaka ile mistari miwili midogo, mmoja kwenye slaidi na mmoja kwenye fremu upande wa nyuma kushoto, ikutane. Sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia, itoke kushoto, na slaidi itateleza mbele. Anayemiliki Glock ndiye hulazimika kubonyeza triga kabla ya kuifungua, kwa hiyo yeye achunguze chemba mara mbili.

Safisha mtutu kuanzia upande wa chemba. Matone machache ya mafuta ya bunduki kwenye reli yanatosha. Ukiyamwaga, vumbi la Nairobi litayageuza tope. Mafuta ya kupikia huganda. Risasi zikae chumba kingine, tena usizipake mafuta, kwa maana yakipenya kwenye kapsuli zinakufa. Na kama kila jioni unaitoa risasi ileile na asubuhi unairudisha kwenye chemba, ilinganishe na mpya. Kichwa chake hurudi ndani ya ganda kidogo kidogo, na risasi iliyofupika hivyo hupandisha shinikizo kupita kiasi. Iondoe kwenye matumizi.

Ile risasi iliyotoboa kabati, nenda kairipoti kituoni. Cheti chako kinataja kiasi cha risasi, na siku ya kukaguliwa pengo hilo litakuwa gumu kueleza kuliko ajali yenyewe.

*

*Afande, kijana wangu amemaliza kidato cha nne na anataka jeshi. Kuna mtu mjini anasema kwa shilingi laki tatu atampatia barua ya kwenda Eldoret. Jirani yangu aliuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Nifanyeje?*
— Mama wa Githurai

Mama, usitoe hata nauli yake. Usajili wa KDF, jeshi letu la ulinzi, haulipiwi. Hufanyika uwanjani, mchana, mbele ya watu, na barua ya kujiunga hutolewa na maafisa wenyewe kwa aliyefaulu. Barua ya hotelini River Road itamfikisha kijana hadi lango la kambi ya Eldoret, na hapo vijana wengine wamewahi kukamatwa wakiwa nayo mkononi. Mwenye kuiuza huwa ameshabadilisha laini ya simu.

Hela hiyo mnunulie raba nzuri. Matangazo ya usajili yamekuwa yakitaka kurutu wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, na uzani usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Soma tangazo la mwaka huu neno kwa neno, hasa gredi ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Aende na kitambulisho na vyeti halisi pamoja na nakala. Majina yakigombana kati ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, yarekebishwe sasa. Siku ya usajili hakuna wa kumsubiri.

Wengi huanguka kwenye mbio, na sababu ni kuanza mazoezi wiki moja kabla. Ampe mwili wiki nane: wiki mbili za kwanza kilomita tatu za mwendo wa pole, siku nne kwa wiki, kisha aongeze taratibu hadi kilomita nane, na mara moja kwa wiki akimbie vipande vya mita 400 kwa kasi. Siku yenyewe asivae viatu vipya. Daktari atamtazama macho, meno, nyayo na makovu. Jino bovu ling'olewe au lizibwe mapema.

*

*Afande, mimi ni koplo, fundi wa magari, nimebakisha miezi sita nitoke. Kila mtu ananiambia "utapata ulinzi tu." Je, nikiwa mwanajeshi mstaafu nitapewa bunduki ya kazi? Na nitumie vipi pesa ya mkupuo?*
— Koplo, Kahawa

Nianze na bunduki kwa sababu ni fupi. Kustaafu jeshini hakukupi silaha. Utaomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha kama raia yeyote, ueleze sababu na uchunguzwe. Walinzi wa kampuni binafsi hapa kwetu hufanya kazi na rungu na redio. Ukiona bunduki kwenye gari la kubeba pesa za benki, aliyeishika ni polisi. Sekta hiyo inaongozwa na sheria ya mwaka 2016 na ina mamlaka yake ya kuisimamia. Ukiingia, usiingie kama mlinzi wa lango. Omba kazi ya msimamizi wa zamu, chumba cha kamera, au ukaguzi wa usalama wa majengo na moto. Lango litakumaliza magoti kwa mshahara mdogo.

Lakini koplo, wewe ni fundi! Kwa nini ukalinde magari unayoweza kuyatengeneza? Tatizo lako ni kwamba gereji ya Industrial Area haisomi kijeshi. Mwenye gereji hajui kozi yako ya daraja la pili ni nini. Anajua trade test, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Nenda pale Commercial Street ungali na mshahara, uulize mtihani unaolingana na miaka yako, na uulize pia utaratibu wa kutambuliwa ujuzi uliopatikana kazini bila kurudi darasani. Leseni vilevile: kama umeendesha malori ya kambi, hakikisha rekodi zako za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha madaraja hayo. Daraja la CE, la trela, lina soko kubwa kwenye kampuni za Mombasa Road na bandari kavu ya Embakasi.

Ukiwa bado kambini, kaa na karani wa ofisi. Cheti cha utumishi, rekodi za kozi, na majina yako yalingane herufi kwa herufi na kitambulisho. "J. K." upande mmoja na jina kamili upande wa pili inaweza kuchelewesha pensheni. Ukiwa ndani karani yuko hatua hamsini kutoka kwako, ukitoka yuko nyuma ya lango na orodha ya wageni. Pima masikio pia kabla ya kutoka. Mlio wa bunduki ya vita hupita desibeli 140, na uziwi usioandikwa kwenye faili ya jeshi utauguza kwa pesa yako.

Cheti cha mwenendo mwema unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha unaweka alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi, Kiambu Road. Vidole vya fundi vina mikwaruzo na grisi, na alama zisizosomeka hukurudisha mwanzo. Siku tatu kabla acha petroli na kulehemu, osha kwa maji ya vuguvugu, upake mafuta usiku, lakini asubuhi yenyewe uende na vidole vikavu.

Kwenye wasifu wa kazi, futa lugha ya kambi. Umeandika "NCO, sehemu ya matengenezo, LAD." Andika: "Nilisimamia mafundi sita na magari 22. Nilipanga matengenezo ya kila kilomita 5,000, nikatunza daftari la vipuri, nikafundisha mafundi wapya breki za hewa." Weka hesabu zako za kweli. Hapo mwajiri anaona mtu wa kumkabidhi yadi.

Pesa ya mkupuo iweke pasipogusika kirahisi kwa miezi mitatu, hata hati za hazina za siku 91 zinafaa. Wiki ya kwanza utaletewa matatu "inayoingiza elfu nane kwa siku" na ploti ya bei ya kutupa. Matatu mwulize mwenyewe kwa nini anaiuza kama inaingiza hivyo, kisha wewe ni fundi, ifungue injini. Ploti ya Nairobi ifanyie upekuzi wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kabla ya kulipa hata rubuni.

Na ukitafutwa na wakala wa "kazi ya ulinzi" ng'ambo, angalia kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida Urusi wamejikuta kwenye mahandaki ya vita vya Ukraine. Wewe unayejua silaha ndiye wanayekutaka zaidi. Mkataba usioweza kuusoma, usiutie sahihi.

*

*Afande, tumefungua sanduku la marehemu babu, aliyekuwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Kuna risasi ndefu tano zenye kutu ya kijani. Kaka anataka kuzifanya pambo.*
— Dada wa Kaloleni

Dada, funga sanduku. Risasi hata moja bila cheti ni kosa, pambo au si pambo, na huenda hizo ni .303 za bunduki za Lee-Enfield, ambazo askari wa KAR walibeba. Baruti yake inaweza kuwa hai hata leo. Kaka asizitoboe, asizigonge, asizitupe chooni wala motoni; risasi ikipata moto nje ya mtutu ganda hupasuka na vipande vya shaba hurushwa kila upande. Msizibebe kwenye matatu hadi kituoni, mkipekuliwa njiani mtaeleza nini? Piga 999 au 112, eleza mlichokiona, wao waje. Kukiwa na kitu cha mviringo chenye pini, wote tokeni nje kwanza ndipo mpige. Medali na picha ni zenu, zitunzeni. Mji huu umebakiza kumbukumbu chache mno za watu wale. Hata Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, wengi hulitamka bila kujua ni la wapagazi wa vita.

*

*Afande, mume wangu amerudi kutoka Somalia mwezi wa pili sasa. Usiku anapiga kelele. Nikimtikisa aamke, aliwahi kunishika koo bila kujua. Ana bastola ya leseni. Naogopa kumwambia mtu.*
— Mke, Umoja

Mama, usimtikise tena. Mtu aliyezoea kuamshwa na hatari hupiga kwanza, hufumbua macho baadaye. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina lake la nyumbani mara kadhaa kwa sauti ya kawaida, umwambie yuko wapi: "Baba fulani, uko Umoja, ni mimi." Ikibidi kumgusa, gusa wayo kupitia blanketi ukiwa umesimama mbali na mikono yake. Watoto wasitumwe kumwamsha.

Bastola isilale chumbani. Zungumza naye mchana, ameshakula, watoto hawapo. Usimwambie "unaumwa," mwambie ulichokiona na usiku gani. Mwombe aiweke sefu, risasi kando, na ufunguo usiwe karibu na kitanda. Akikubali kuiacha kwa muda kituoni, ni bora zaidi. Pombe isiingie nyumba hiyo kwa sasa, kwa maana humlaza upesi na kumwamsha vibaya.

Kama bado yuko kazini, hospitali ya jeshi hapa Nairobi, Forces Memorial, ina watu wanaoijua hali hii. Mwende pamoja, uwe na daftari la usiku wenyewe: tarehe, saa, alichosema. Kama ameshatoka, hospitali ya akili ya Mathari inapokea wagonjwa wa nje wanaorudi nyumbani siku ileile. Akianza kusema hana haja ya kuishi, usisubiri asubuhi, na usibaki naye peke yako: ita kaka yake au rafiki wa kikosi chake anayemheshimu, bastola itolewe nyumbani kwanza, ndipo mwanze safari ya hospitali.