Nimefundishwa na sweta za Gikomba

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, una kazi ya mikono unayoifanya bila kulipwa? Hamu ya kuiendeleza unaitoa wapi?" Ninayo. Nafuma sweta, kofia na soksi. Hamu naitoa soko la Gikomba hapa Nairobi, kwenye marundo ya mtumba, kwa watu ambao sitawahi kuwaona.

Nimeajiriwa katika duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Jumamosi tunafunga saa saba mchana, na kutoka hapo hadi Gikomba naenda kwa miguu. Nikifika sitafuti sweta ya kuvaa, natafuta uzi. Mama ninayenunua kwake amenizoea. Zamani alikuwa akinionyesha kamera, zile nguo za kwanza belo likifunguliwa, ambazo bado zinang'aa. Siku hizi ananiwekea kando zilizotoboka kiwiko na zilizopoteza vifungo, kwa shilingi hamsini, mia, mara mojamoja mia na hamsini kama ni sufu tupu.

Niseme jinsi ninavyochagua, maana huenda kuna msomaji angependa kujaribu. Kwanza naigeuza sweta ndani nje, natazama mshono wa ubavuni. Kuna sweta ambazo kiwandani zilikatwa kwa mkasi kama kitambaa cha suruali, kisha kingo zikapigwa ovaloki. Hiyo iache. Ukiifumua utabaki na vipandevipande vya uzi, kila kimoja urefu wa safu moja, na hakuna utakachofuma navyo. Unayoitaka ni ile ambayo mgongo, kifua na mikono vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake, kingo zimekaa nadhifu, na kilichoviunganisha ni mshono mwembamba wa mnyororo. Ukiupata upande sahihi wa mnyororo huo unavuta tu, ubavu mzima unafunguka kama zipu. Pili, nachomoa kiuzi kidogo nakichoma kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikawa punje ngumu. Tatu, napapasa kama ilishawahi kufuliwa kwa maji moto ikagandamana, kwa sababu sufu iliyogandamana haifumuki tena hata ufanyeje.

Nyumbani naanzia shingoni. Sweta iliyofumwa kutoka chini kwenda juu hufumuka kutoka pale fundi alipomalizia; ukianzia alipoanzia, kila safu itakukwamia. Uzi hutoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa mwezi mzima. Nauzungushia mgongo wa kiti, naufunga mahali pane usije ukatatizana, nauloweka katika maji vuguvugu, kisha nauanika bafuni na kichupa cha maji kikining'inia chini yake. Ukikauka umenyooka. Sweta moja ya mtu mzima hunipa gramu 400 hadi 600.

Kufumua nilikuona kwa shosho, nyanya yangu, Murang'a, kabla sijajua kufuma. Sweta zetu za shule zikichakaa hazikutupwa. Alizifumua na uzi wake ukaingia kwenye kiondo alichokuwa akisuka wakati huo: mstari wa maruni wa kwetu, mstari wa kijani wa binamu zangu wa shule nyingine, kisha katani, kisha maruni tena. Alikwenda sokoni akisuka na kurudi akisuka, nyuzi zikimning'inia mbele kama ndevu. Kiondo kimoja alichomsukia mama bado kipo, na bado naweza kuonyesha sweta ya kaka yangu iko mstari gani.

Kufuma kwenyewe nilifundishwa shuleni, fundo la mbele na fundo la nyuma, basi. Mengine yote nimeyasoma ndani ya sweta za watu.

Miaka mitano iliyopita nilinunua sweta ya kijivu, ya kiume, sufu nzito. Niliichukua kwa uzito wake, sikuitazama sana. Usiku ule nilipoanza kuifumua nikagundua haikutoka kiwandani. Mashine haichoki wala haipumziki, vitanzi vyake vyote ni ndugu. Hii ilikuwa na safu ambazo mkono ulikaza kidogo, halafu ukalegea, halafu ukakaza tena. Mtu aliiweka chini, akaenda kupika au kulala, akairudia. Nikasimama. Nikachukua kijitabu cha risiti tulichokuwa tumeacha kutumia dukani, na tangu hapo sikufumua safu moja bila kuandika nyuma ya karatasi nilichokiona.

Nilipofika kwapani ndipo nilipojifunza. Mimi nilizoea kupunguza vitanzi ukingoni kabisa, na kila sweta yangu ilikuwa na ngazingazi pale mkono unapounganishwa na bega. Fundi huyu alipunguza vitanzi viwili ndani ya ukingo, na upande wa kulia alivilaza viegemee kushoto, upande wa kushoto viegemee kulia, ikawa mistari miwili inayokwenda shingoni kama matawi. Ule ukingo wenyewe ulibaki umenyooka, tayari kushonwa. Kisha nyuma ya shingo kulikuwa na safu fupi. Alifuma nusu ya njia, akageuza, akarudi, akageuza tena, mpaka mgongo ukawa juu kuliko kifua kwa vidole viwili. Miaka yote nilijiuliza kwa nini sweta nilizofuma mimi zinakaba koo. Jibu lilikuwa mikononi mwangu, na aliyenipa huenda alishakufa.

Nilitumia majuma matatu kuifumua. Uzi wake nilimfumia baba sweta ya kwanza ambayo hakuivuta shingoni hata mara moja.

Tangu siku hiyo natafuta kazi ya mkono ndani ya marundo. Si nyingi, labda moja katika hamsini, lakini ukishajua huwezi kupitwa nayo. Nimeona soksi ambayo kisigino chake kilifumwa na nyuzi mbili kwa pamoja ili kisiishe haraka, nami sasa nafanya hivyo. Nimeona kitundu cha kifungo kilichozungushiwa uzi wa kushonea. Kosa nimeliona pia, fundo la nyuma mahali pa fundo la mbele, safu ya tatu kutoka chini, mgongoni. Fundi aliliona au hakuliona, akaendelea. Hilo lilinitia moyo kuliko picha zote nzuri ninazotazama kwenye simu. Picha hizo nazitazama kila siku na zinanifaa kwa rangi na mitindo, lakini picha haikuonyeshi upande wa ndani.

Kufuma nafumia kwenye matatu. Jioni ya mvua, Jogoo Road, kutoka City Stadium hadi Donholm ni safu 14 za mgongo wa sweta ya mtoto, na siku moja ya mafuriko nilifika Umoja nimemaliza mkono mzima. Natumia sindano mbili zilizounganishwa kwa waya laini, kazi yote inakaa mapajani na kiwiko changu hakimgusi jirani. Watu huuliza. Vijana wakiona sindano ya kroshia hudhani natengeneza dredi, kwa sababu hiyo ndiyo wanayoijua kutoka saluni. Wanaume wazima hunyamaza, kisha karibu na kushuka wananiambia mama zao walikuwa wakifuma. Kondakta mmoja alinishikia donge la uzi kutoka Muthurwa hadi mwisho wa safari baada ya kuanguka chini ya viti mara mbili, akilifungulia kidogokidogo kila nilipovuta.

Nimeambiwa pia, na watu wanaonipenda, kwamba napoteza wakati. Sweta ipo Gikomba kwa shilingi mia, tena imeshamalizika, wewe unainunua ili uibomoe uanze upya? Naelewa swali. Sweta ya mtu mzima hunichukua jioni za miezi miwili, na nikijihesabia hata mshahara mdogo hakuna atakayeinunua. Katika kikundi chetu cha Jumapili hapa Umoja wengine wanauza, na wanastahili kila senti: mmoja ana mashine na Januari shule zikifunguliwa hapati usingizi kwa oda za sweta za wanafunzi, wengine wanafuma vitambaa vya viti kwa uzi mweupe wa pamba, seti nzima ya sofa. Mimi siuzi. Nikiuza nitaanza kuharakisha, na nikiharakisha sitaona ile safu fupi nyuma ya shingo. Uzi mpya pia nanunua nikiweza. Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota sufu kwa mkono tangu 1977, na donge moja la uzi wao lina harufu ya kondoo ambayo sabuni haijaifuta. Lakini uzi mpya hauna aliyetangulia ndani yake, na huyo ndiye ninayemtafuta mimi.

Kuna sweta moja ambayo sikuifumua.

Niliipata mwaka jana, Mei. Ya mtoto wa miaka mitatu au minne, bluu, ya mkono. Nilipoigeuza ndani nje niliona kwamba vifundo vya mikono ni vya bluu nyingine, karibu sana na ile ya kwanza ila si yenyewe. Na pale bluu mbili zinapokutana vitanzi havikukaa sawia, vimesogea kwa nusu kitanzi. Hilo hutokea ukiokota vitanzi ukingoni ukafuma kuelekea upande wa pili. Maana yake sweta ilikuwa imeshamalizika, ikavaliwa, mtoto akarefuka, na mtu akafumua vifundo, akaokota vitanzi vyote, akaongeza vidole vitatu kila mkono. Chini pia aliongeza. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetiwa raka kwa uzi uleule wa pili. Nilikaa nayo mapajani hadi saa sita usiku na sindano ya kuanzia mkononi, kisha nikaikunja nikaiweka kabatini.

Julai ilipoingia, ile Julai ya Nairobi ambayo jua linaweza kupotea siku nne mfululizo, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa na mjukuu anayekohoa. Nikampelekea. Mtoto ameivaa msimu mzima wa baridi, akailalia, akaimwagia uji, na nyanya yake ameifua kwa maji baridi kama nilivyomwomba.

Wiki iliyopita alikuja kunionyesha kwamba mikono imefika katikati ya kigasha. Bluu sina. Nina uzi wa kijivu uliobaki kwenye sweta ya baba, madonge mawili, niliokuwa nikiutunza bila kujua ni wa nini. Jana usiku nilifungua pale fundi wa pili alipomalizia, nikaokota vitanzi 36 kwenye mkono wa kulia, nikaanza. Leo jioni mtoto alisimama mbele yangu amenyoosha mikono, nikampima kwa vidole: vinne, tuweke vitano, atakua. Akauliza kama imeisha. Nikamwambia bado wa kushoto.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi