Kwa vijana wa dawati la kimataifa: Fox hakuruka kutoka soda hadi ikulu

Rasimu zenu za wasifu wa Vicente Fox, rais wa zamani wa Mexico, nimezisoma zote, na ugonjwa ni uleule: aya ya kwanza yuko Coca-Cola, aya ya pili yuko ikulu ya Mexico. Waliowatangulia waliandika hivyohivyo, nikapiga kelele, wakahamia dawati la michezo, mkaja ninyi.

1. Hakuwa mwenye Coca-Cola, jamani. Aliajiriwa mwaka 1964, akaanza kwa kusimamia njia za usambazaji, akizunguka na malori ya soda. Mwaka 1975 akawa mkuu wa kampuni hiyo Mexico. Mali ya familia ilikuwa jimbo la Guanajuato: ranchi, mboga za kugandishwa, na buti.

2. Jina kamili ni Vicente Fox Quesada. Fox ni ukoo wa baba, Quesada wa mama, kwa hiyo akitajwa mara ya pili ni Fox. Aliyeandika "Quesada alisema" anajijua.

3. Gavana wa jimbo Mexico, kama Fox alivyokuja kuwa Guanajuato, hachaguliwi tena, tofauti na wa kaunti za Kenya. Ile sentensi ya "aliamua kutogombea muhula wa pili" nimeifuta.

4. Hapa ndipo mnaponiua. Fox alivutwa kwenye PAN, chama cha upinzani wakati huo, na mfanyabiashara mwenzake, Manuel Clouthier wa Sinaloa, na mwaka 1988 akawa mbunge. Agosti 1991 akagombea ugavana wa Guanajuato. Akatangazwa Ramón Aguirre wa PRI, chama kilichoshika nchi tangu 1929. Watu wakajaa barabarani wakidai kura zimeibwa, joto likapanda hadi kwa Rais Salinas, na Aguirre akasema hatakalia kiti hicho. Kila mwaka kuna kijana ambaye akifika hapo huandika "Fox akawa gavana". Hakuwa! Kiti alikabidhiwa kwa muda Carlos Medina Plascencia, meya wa León, naye ni wa PAN. Chama kikapata jimbo, mgombea wake akarudi nyumbani mikono mitupu. Alingoja hadi 1995, uchaguzi uliporudiwa, akashinda kwa kishindo. Kwa maoni yangu, huwezi kumwelewa bila miaka hiyo minne. Mwaka 1997, akiwa bado gavana, alishatangaza kwamba anautaka urais, na wafuasi wake wakaunda mtandao wao, Amigos de Fox (Marafiki wa Fox), nje ya chama. Mtu aliyewahi kuona kiti chake kikipewa mwenzake hangoji tena vikao viamue.

5. Mama yake alizaliwa Uhispania, na kifungu cha 82 cha katiba kilimfungia mlango wa urais mtoto wa mzazi wa kigeni. Marekebisho yalianza kutumika mwishoni mwa 1999. Julai 2, 2000, siku aliyotimiza miaka 58, akashinda.

6. "Aliongoza nchi kama kampuni" ifuteni. Meneja hakataliwi na bunge. Fox alikataliwa pendekezo la kutoza VAT kwenye chakula na dawa. Mwaka 2002 akaufuta mradi wa uwanja mpya wa ndege baada ya wakulima wa Atenco, karibu na Mexico City, kusimama na mapanga kutetea mashamba yao.

Rasimu zirudi mezani kabla ya kikao cha jioni. Picha ya buti inaruhusiwa, ila maelezo ya picha yaseme kiwanda kilikuwa cha nani.