Kabla ya kulipia kiwanja, nenda ukasimame kwenye lile eneo la wazi

Mwaka 2015, nilipokuwa natafuta kiwanja upande wa Uyole, jijini Mbeya, dalali alikunjua mchoro wa viwanja juu ya boneti ya gari akaweka kidole kwenye kipande cha kijani. "Hapa bustani, bosi. Watoto watacheza." Kiwanja kilichopakana na bustani hiyo kilikuwa na bei ya juu kuliko vingine. Nikalipa, tena kwa furaha.

Mvua za Novemba ndizo zilizonionyesha bustani yenyewe. Lilikuwa korongo. Maji ya mlimani yalipita humo yakivuma usiku kucha, na watoto tukawapiga marufuku kusogea.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko, kwa hiyo ukiona kijani kwenye mchoro uliza kwanza: hapo ni tambarare au ni bonde? Kama ni kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Hapo hapajengeki, na kijani chake usikubali kuuziwa kama zawadi. Halafu usitegemee picha iliyo kwenye simu ya dalali. Nenda halmashauri, onana na watu wa mipango miji, uone mchoro ulioidhinishwa na matumizi yaliyoandikwa kwenye kila kipande. Kisha rudi uwandani na mtu anayezijua bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, mhesabu hatua.

Sisi tulibahatika kuwa na eneo la wazi la pili kwenye mchoro, tambarare, karibu na barabara. Lilikuwa shamba la mahindi la mtu. Huku kwetu ardhi haikai bure: msimu huu mahindi, ujao viazi, mara tanuru la matofali, na siku moja unaamka unakuta msingi umechimbwa. Kelele hazisaidii. Tulikaa kikao kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandika muhtasari, wote tukasaini, nakala ikaenda halmashauri. Anayetaka kubadili matumizi ya eneo lazima aombe huko, na akiomba akute karatasi yenu imeshatangulia. Yule mkulima tulimwacha avune kwa amani. Wiki iliyofuata tukasimamisha magoli ya mirunda.

Magoli yale yamelinda eneo kuliko muhtasari, nasema kweli. Nani atamwaga mawe ya msingi mbele ya vijana thelathini wanaocheza kila jioni?

Kwenye miti tulikosea. Tulipanda mikaratusi pembeni kwa sababu miche ilikuwa rahisi na inakua upesi. Baada ya miaka michache chini yake nyasi zilikuwa hoi, na mama mmoja jirani akalalamika kwamba mizizi inamfuata kwenye bustani yake ya mboga. Tukaikata, tukapanda mijakaranda. Inachelewa, lakini kwenye kivuli chake mzee anaweza kukaa akasoma gazeti. Benchi la mbao liliibwa mwezi wa kwanza. Jengeni la zege.

Na msipande mparachichi kwenye eneo la wote. Sisi tunao mmoja. Watoto wanaurushia mawe, usiku mtu anakuja na gunia, na vikao viwili vimeisha bila kukubaliana nani avune.