Ukitaka kwenda Ikombe, anza na upepo

Watu wakijua kwamba huwa nakwenda mwambao wa Ziwa Nyasa, swali lao la kwanza ni nauli. La pili ni mahali pa kulala. Yote mawili yana majibu mepesi, na habari ya njia na malazi nitaifikia mwishoni. Ila safari ya Matema, Ikombe na vijiji vinavyofuata chini ya Milima ya Livingstone haiharibikii kwenye nauli wala kitandani. Inaharibika pale mtu anapopanga siku zake zote akiwa Dar es Salaam au Dodoma, bila kuacha hata moja ya akiba, kisha akafika mahali ambapo upepo, mwezi na siku ya gulio ndivyo vinavyoamua nani aondoke na nani asubiri.

Kwa asiyepafahamu, Matema iko wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Magharibi yake ni bonde la Kyela: mpunga, kokoa, migomba hadi macho yachoke. Mashariki bonde linakatika ghafla. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima inayosimama kando yake inapita mita 2,000. Ukishaipita Lyulilo, kijiji jirani na Matema, ufuko mpana unakwisha na mlima unashuka moja kwa moja majini. Vijiji vimejibanza kwenye vighuba vidogo, mashamba ya muhogo yakiwa yamepanda mteremkoni nyuma ya nyumba. Cha kwanza ni Ikombe, kijiji cha Wakisi, watu wa uvuvi na ufinyanzi. Ukiendelea kusini unaingia wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe: Lumbila, Kilondo, Makonde, mpaka Lupingu. Huku maji ndiyo barabara. Anayekwenda kliniki, anayepeleka samaki, anayesafirisha simenti ya darasa, wote wanategemea chombo.

Ndiyo maana nikiulizwa nauli, mimi huuliza kwanza: unakwenda mwezi gani?

Kuanzia Mei hadi Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini. Angalia ramani utaelewa shida yake. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko mwisho kabisa wa kaskazini. Upepo ukianza kusukuma maji kule chini hakuna kinachouzuia njiani, mawimbi yanakua kadiri yanavyosafiri, na yanakuja kuvunjika huku kwetu. Siku kama hizo ziwa halifanani na ziwa, na mitumbwi yote unaikuta imevutwa juu mchangani. Bahati mbaya Juni na Julai ndiyo miezi ya likizo za shule, kwa hiyo familia nyingi huja wakati huo, wanaishia kuutazama Ikombe kwa mbali.

Mvua nayo ina zamu yake. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini, na kilele chake ni Machi na Aprili. Mito Mbaka, Lufilyo na Kiwira hufurika, njia za miguu za mlimani huteleza, na mbu hawana huruma. Mimi naichagua Septemba na Oktoba. Jua ni kali, sikufichi, lakini mwera umetulia, anga iko wazi, na ukikaa mtumbwini alfajiri unaiona safu nzima ya milima kutoka chini hadi juu. Kama huna budi kuja Juni au Julai, njoo, lakini ongeza siku za kusubiri na sweta pia, kwa sababu Tukuyu utakayopita njiani ina baridi ya kweli.

Baada ya mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina maana mbele ya mbalamwezi. Kwenye giza wanaume wako ziwani usiku kucha. Ukisimama ufukweni unaona taa zao zimetapakaa mbali majini, na asubuhi usipa wanaanikwa kila mahali. Ukipenda kula samaki wabichi na kuona kazi ya ziwa ikiendelea, njoo wakati huo. Lakini ukitaka kukaa na wavuvi, kuwauliza mambo, kusikiliza habari za zamani, njoo mwezi ukiwa mpevu. Ndipo wanapokuwa nyumbani wakishona nyavu na kuziba mitumbwi, na mtu ana muda na wewe. Ukimfuata mvuvi saa tatu asubuhi wakati wa giza, ujue unamnyima usingizi mtu aliyetoka kazini.

Siku ya wiki pia ina uzito. Jumamosi ni gulio la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema ukifuata ufuko. Mitumbwi inaingia ikiwa imesheheni vyungu, akina mama wanavipanga mchangani kwa ukubwa, na wachuuzi wa kutoka Kyela, Tukuyu na Mbeya wanashindana nao kwa bei. Fika Matema Ijumaa, ulale, uamke mapema, kwa sababu vyungu vizuri huondoka asubuhi. Chungu cha Kikisi hufinyangwa kwa mikono bila gurudumu, ukuta wake ni mwembamba kuliko unavyotarajia, na huchomwa hadharani kwa kuni na nyasi. Kabla ya kununua, kigonge kidogo kwa kidole: kikilia vizuri kichukue, kikitoa sauti butu kina ufa. Na tafadhali, usivutane na mama wa watu kwa shilingi mia tano. Amechimba udongo, ameukanda, amefinyanga, amesugua, amechoma, amelipia mtumbwi. Bei anayokutajia ni ndogo tayari kwa kazi hiyo.

Ukishaliona gulio, ndipo Ikombe yenyewe inakuwa na maana. Wengi hununua chungu wakageuza. Mimi nakusihi uende ukaone kinakotoka, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulikumbuke kuliko mengine yote niliyoandika: habari ya chombo na nahodha.

Kuna njia ya miguu inayokata mlimani, nzuri kwa mwenye magoti imara. Wengine tunakwenda kwa maji, ama mtumbwi wa makasia ama boti ya injini. Patana siku moja kabla, jioni, ana kwa ana, na upatane yote: bei ya kwenda na kurudi, mafuta ni ya nani, atakusubiri au atakufuata, saa ngapi. Ondoka kabla jua halijapanda, maana ziwa huwa tulivu alfajiri na upepo huanza kuchangamka kadiri siku inavyokwenda. Kabla ya kupanda hesabu jaketi za kuokolea maisha, na uvae ya kwako, usiikalie. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shuka. Hakuna atakayekucheka, na hata wakicheka, shuka.

Nahodha akisema leo hatuendi, maneno yameisha. Asubuhi moja pale ufukweni nilimsikia mgeni akimpandishia nahodha dau. Mara mbili ya bei, kisha mara tatu. Maji kwa macho yetu yalikuwa shwari kabisa. Mzee yule wala hakubishana. Alionyesha tu kusini, kwenye mstari mweusi uliokuwa umeanza kujichora juu ya maji, akaendelea kuchambua wavu wake. Kabla ya saa nne mawimbi yalikuwa yanapiga mpaka kwenye mizizi ya miti. Sitaki kumlaumu mgeni yule, alikuwa na basi la kuwahi kesho yake. Ila fikiria upande wa pili: mtu mwenye ada za watoto anaonyeshwa noti za wiki nzima ili akubali safari ambayo anajua ni ya hatari. Siku moja atatokea kijana asiye na uzoefu wa mzee yule, azipokee. Pesa yako isimweke mtu kwenye jaribu hilo. Weka siku mbili za akiba kwenye safari yako, na hutakuwa na sababu ya kumbembeleza yeyote.

Kwa wanaotaka kufika mbali zaidi, Lumbila au Lupingu, ipo meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, inayotoka upande wa Kyela kwenda bandari za mwambao hadi Mbamba Bay. Ratiba yake iulize bandarini Itungi au Kiwira wiki ileile unayosafiri. Usitegemee ratiba aliyokutumia rafiki yako aliyepanda mwaka jana.

Ukishuka Ikombe au kijiji chochote cha mwambao huu, miguu yako ikupeleke kwanza ofisi ya kijiji. Salimia, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, saini kitabu cha wageni, eleza umekuja kufanya nini. Si urasimu. Mwambao huu uko mpakani na Malawi, na mgeni asiyejulikana huwapa watu mashaka. Ukishajitambulisha unakuwa mgeni wa kijiji kizima, na mtendaji mwenyewe ndiye atakayekupa kijana wa kukutembeza. Mlipe kijana huyo vizuri. Wazee wape shikamoo yao hata kama wanaongea Kikisi nawe huelewi neno. Ukiwa Matema kwa Wanyakyusa, sema "ndaga fijo" ukihudumiwa, utaona uso unavyofunguka.

Picha: omba kabla, hasa kwa mama aliyekaa chini mikono ikiwa na udongo. Akikataa, weka simu mfukoni. Akikubali, mwahidi nakala na uitimize ahadi. Safisha picha Mbeya na umpe mtu wa boti au mchuuzi anayerudi, itafika. Watoto watakufuata kwa wingi, na hapo naomba tujizuie kugawa pipi na sarafu. Kama una moyo wa kutoa, na utakuwa nao, beba madaftari na kalamu ukamkabidhi mwalimu mkuu. Nyumba iliyokukaribisha ipelekee sukari, sabuni, majani ya chai na chumvi. Kila kitu kinachokuja kwa mtumbwi kina bei juu yake, kwa hiyo kilo mbili za sukari ni zawadi nzito huku.

Kuhusu afya niseme kwa uzito. Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo chandarua chako mwenyewe na mikono mirefu jioni. Kichocho kipo ziwani. Epuka kuogelea penye matete na maji yaliyotuama karibu na makazi. Na usikaribie midomo ya mito, Lufilyo hasa, kwa sababu kuna mamba. Waulize wenyeji wanaogea wapi, uogee hapohapo. Beba dawa zako zote unazotumia. Hospitali ya KKKT iko Matema, lakini ukiwa ng'ambo ya mlima usiku na upepo unavuma, Matema iko mbali sana. Mjamzito aliyekaribia, au mwenye ugonjwa unaohitaji daktari wa haraka, abaki Matema afurahie ufuko. Ni mzuri vya kutosha.

Pesa chukua taslimu, noti ndogondogo. Wakala wa simu wapo Matema ila salio huwaishia, na kwenye vijiji vya ng'ambo mtandao unashikwa kwenye jiwe fulani tu ambalo kila mtu analijua. Waage nyumbani mapema, waambie huenda wasikupate siku mbili tatu. Pawabanki, tochi, koti la mvua, na mfuko wa nailoni mzito wa kufungia simu na nguo mtumbwini.

Njia sasa. Kutoka Dar kuna mabasi hadi Mbeya, kuna treni ya TAZARA, kuna ndege hadi uwanja wa Songwe. Mbeya panda kosta za Kyela zinazopita Tukuyu, kisha gari la Ipinda na Matema. Anayeweza asiikimbie Tukuyu: chai, migomba na Mlima Rungwe uko pale pale. Matema kuna nyumba za wageni za bei tofauti, zikiwamo za kanisa. Wapigie simu kabla ya kuja mwisho wa mwaka, maana Krismasi na mwaka mpya watu wa Mbeya wote huja kuoga ziwani. Ikombe usitegemee hoteli. Ukitaka kulala, mwambie mtendaji, atakutafutia nyumba, na utakula wanachokula: ugali wa muhogo na samaki, yule mkubwa aitwaye mbasa ukibahatika.

Vyungu ulivyonunua vifungashe kwa majani makavu ya migomba, kimoja ndani ya kingine, na uvipakate mwenyewe garini. Usikubali viende kwenye buti wala juu ya kosta. Na tiketi ya basi la kurudi Dar usiikate kabla hujaondoka nyumbani. Ikate ukishafika Mbeya, na vyungu vyako vikiwa miguuni.