Mtoto hakulia alipozaliwa, leo ana skizofrenia: jibu kwa mama mleta uzi

Shikamoo mama. Umeandika kwamba kijana wako wa miaka 22 ameambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kujitenga na watu, na tangu siku hiyo hulali. Unarudia kichwani siku uliyomzaa: uchungu ulikawia, akatoka hakulia, wakamhangaikia dakika kadhaa kabla hujasikia sauti yake. Umeuliza mambo matatu: kama ugonjwa ulianzia hapo, kama maisha yake ndiyo yameishia hapa, na kama umweleze hayo ya kuzaliwa kwake.

Mimi si daktari. Nina mdogo wangu aliyeanza kuugua akiwa na miaka 19, leo ana 41. Miaka yote hiyo nimekuwa naye kliniki, wodini na nyumbani, na nimesoma kila nilichoweza kukipata kwa sababu mama yetu alikuwa akijiuliza swali lako hilohilo.

Naanza na lawama, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Mara ya kwanza tulipompeleka mdogo wangu, mtaalamu mmoja alimgeukia mama mbele yetu sote akamuuliza, "Huyu ulimleaje?" Mama hakujibu. Alilibeba swali lile zaidi ya miaka kumi. Baadaye nilikuja kugundua kuwa lina historia. Mwaka 1948 daktari wa magonjwa ya akili, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu mama ambaye malezi yake ndiyo humtia mtoto skizofrenia, na wazo hilo likafundishwa kwa miongo kadhaa. Halikusimama lilipopimwa. Mwaka 1966 mtafiti Leonard Heston alichapisha utafiti wa watoto 47 waliozaliwa na mama wenye skizofrenia, wakatenganishwa nao siku chache tu baada ya kuzaliwa na kulelewa kwingine. Watano waliugua. Katika kundi la kulinganisha la watoto 50, wa mama wasio na ugonjwa huo, hakuugua hata mmoja. Damu ndiyo iliyobeba hatari, si mikono iliyowalea. Lakini hata damu haimalizi maelezo: kwa mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi mwenzake haugui.

Sasa kuhusu kuzaliwa. Sitakuficha mama, yapo mambo ya mimba na kujifungua yanayoongeza hatari: mtoto kukosa hewa, kuzaliwa na uzito mdogo, presha ya mimba, mama kuwa na kisukari. Njaa nayo imo. Watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa kali ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945, na wale wa njaa ya China ya mwaka 1959 hadi 1961, waliugua kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wengine. Matatizo ya kujifungua nayo huongeza hatari kufikia kama mara mbili hivi, mengine chini ya hapo. Ukisikia "mara mbili" moyo unaruka. Basi tuhesabu pamoja. Katika watu 100, takriban mmoja hupata ugonjwa huu maishani mwake. Mara mbili ya mmoja ni wawili. Watoto 98 kati ya 100 waliotoka kama alivyotoka wako, wasilie, wakahangaikiwa, hawataupata. Kwa hiyo huenda dakika zile zilichangia kitu, huenda hazikuchangia chochote. Kwa mtoto mmoja mmoja hakuna daktari anayeweza kutenganisha. Na kama zilichangia, uchungu kukawia si jambo ulilolitenda wewe.

Kuna fundo jingine ambalo hukulitaja, ila najua litakujia usiku mmoja: "Mbona sikuona mapema?" Sisi lilitujia. Mdogo wangu alichelewa kidogo kutembea na alipenda kucheza peke yake. Uingereza waliwafuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946. Waliokuja kuugua skizofrenia ukubwani walikuwa wamechelewa kutembea kwa wastani wa mwezi mmoja na kidogo, walikuwa na shida ya kutamka zaidi ya wenzao, na wakiwa na miaka 4 na 6 walipendelea kucheza peke yao kuliko wenzao. Mtafiti wa Marekani, Elaine Walker, alikusanya filamu ambazo familia zilijichukulia nyumbani, watoto wakiwa wadogo, miaka mingi kabla ya ugonjwa. Watazamaji wasiojua lolote waliweza kumbainisha mtoto atakayeugua kuliko ambavyo wangeweza kwa kubahatisha. Hii inaonyesha kwamba ubongo ulikuwa ukijengeka kwa njia yake tangu mwanzo. Lakini mwezi mmoja wa kuchelewa kutembea! Umejaa kwa maelfu ya watoto wazima kabisa. Hakuna mama ambaye angeona.

Swali lako la pili, kama maisha yake yameishia hapa, ndilo ninalotaka tukae nalo, maana hapo utoto wa mtu una kazi nyingine tofauti na kutafuta chanzo. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba namna mtu alivyokuwa kabla ya kuugua, marafiki aliokuwa nao, masomo aliyofikia, hueleza kwa kiasi fulani atakavyoendelea baadaye. Anayeanza kuugua mdogo sana, polepole, akiwa tayari amejitenga na watu, huwa na safari ngumu zaidi. Aliyeanza ghafla, akiwa mkubwa kidogo, huwa na afadhali. Wanawake kwa kawaida huchelewa kuanza na huendelea vizuri zaidi kuliko wanaume. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilivunjika moyo. Kisha nikajiuliza: mdogo wangu alikuwa na nini kabla? Alikuwa na rafiki mmoja tu wa kucheza naye drafti, na alikuwa na hesabu. Basi. Tukaanzia hapo. Nilimtafuta yule rafiki, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba aje hata nusu saa kwa wiki. Miezi ya mwanzo walikaa kimya, kete zinasogea tu. Hakuacha kuja. Kijana wako naye, chukua karatasi uandike alikuwa na nani, na alipenda nini. Sisi hiyo ilitusaidia kuliko orodha ya dalili.

Kuhusu takwimu, utakutana na zinazopingana. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu mmoja katika watatu huweza kupona kabisa. Mtafiti Courtenay Harding na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa jimbo la Vermont, Marekani, ambao miaka ya 1950 walikuwa wamekatiwa tamaa wodini. Miongo mitatu baadaye, kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Wanaopima kwa masharti makali, dalili zitulie na maisha ya kijamii yarudi kwa miaka miwili au zaidi, hupata kama mmoja katika saba. Inategemea neno "kupona" limebebeshwa nini. Mdogo wangu hayumo katika huyo mmoja wa saba. Bado husikia sauti akichoka. Lakini anafanya kazi nusu siku, anajisimamia dawa zake, na jioni anamfundisha binti yangu aljebra vizuri kuliko mimi.

Kilichotugharimu zaidi kilikuja baada ya ugonjwa kutambuliwa, na nataka wewe usikilipe. Alipokaa vizuri miaka miwili, sote tukaamini imekwisha, akaacha dawa na sisi tukanyamaza. Alizidiwa ndani ya miezi michache. Akarudi wodini, na aliporudi nyumbani hakuwa yule wa kabla. Utafiti wa Robinson na wenzake wa mwaka 1999, kwa watu walioanza kuugua mara ya kwanza, ulikuta kuacha dawa huongeza hatari ya kurudiwa kama mara tano. Dawa zikimletea mtetemeko, usingizi mzito au unene, mseme kwa daktari zibadilishwe au zipunguzwe. Asiache kimyakimya. Bangi, kama anavuta, ipigwe vita kwa upole lakini bila kuchoka. Na presha, sukari na sigara zifuatiliwe, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huu hufa mapema kwa moyo.

Halafu nyumba. Baba yetu alimpenda sana, lakini alikuwa anagonga mlango saa tatu asubuhi, "Amka, mvivu wewe!" Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba kule kulala, kutooga, kutojibu, ni ugonjwa wenyewe na si tabia. George Brown, aliyefanya utafiti London tangu miaka ya 1950, aliona kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye kulaumiwa sana au kuingiliwa sana walizidiwa tena haraka kuliko wengine. Tazama tofauti mama: malezi hayamtii mtu ugonjwa, lakini hali ya nyumba baada ya ugonjwa inaweza kumtuliza au kumchokoza. Tulipoelezwa hivyo, baba alibadili neno moja tu. Badala ya "mvivu" akawa anasema, "Nipo hapa nje, nakungoja." Ilichukua wiki kadhaa, lakini mlango ulianza kufunguliwa.

Sasa swali la tatu, kama umweleze ya kuzaliwa kwake. Mimi ningemweleza, siku ametulia, bila machozi ya kumwomba msamaha, maana atabeba machozi yako juu ya yake. Mama yetu alimweleza mdogo wangu kwamba alizaliwa njiti na alikaa hospitali wiki tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza alikuwa na kilo ngapi, kisha akauliza kama daktari wake analijua hilo. Hakuwa analijua. Kliniki iliyofuata walikwenda wote wawili, likaandikwa kwenye faili.