Shoki laini nitazivumilia, mkono wa mafuta mkali siununui

Ukizoea Boxer ya cc 150, ile ya bodaboda, kisha ukapanda pikipiki yako ya kwanza ya raha, ile yenye injini nje, mpini mpana na isiyo na kioo cha kukinga upepo, mambo mawili yatakushtua kabla hujamaliza mtaa. Ukifunga mafuta na kuyafungua tena, hata kwa upole, pikipiki itaruka mbele. Ukipita tuta, pua itazama, ipande, izame tena kama kuku anayedonoa. Watu watakwambia ni kawaida, utazoea. Mengine utazoea kweli. Mengine ni sababu ya kumwachia muuzaji pikipiki yake, na kazi yako kabla ya kutoa pesa ni kujua lipi ni lipi.

Niuweke msimamo wangu wazi mapema, maana hapa Nakuru tukikaa waendeshaji watano hatukubaliani. Shoki laini nitazivumilia. Mkono wa mafuta, ule wa kulia unaouzungusha, unaorusha hata baada ya cheni na kebo kurekebishwa siununui, hata bei ikishuka hadi ichuchumae.

Sababu ni kwamba shoki laini husema mapema. Ukiingia kona kwa kasi isiyo yake, pikipiki inayumba, unaisikia kwenye makalio na kwenye mpini, unapunguza. Ni usumbufu, na safari ndefu itakuchosha mgongo, lakini umeonywa. Mkono wa mafuta mkali hauonyi. Chukua kona za kati ya Londiani na Kericho baada ya mvua ya alasiri, lami imelowa, kuna tope lililoachwa na trekta za majani chai na labda mafuta ya dizeli yaliyomwagika. Umeinama katikati ya kona, umefunga mafuta, sasa unataka kuyafungua kidogo tu ili pikipiki itulie. Ikiwa hicho kidogo hakipo, yaani ni sifuri au ni kishindo, tairi la nyuma linapokea kishindo wakati ambao halina pa kushika. Na mjini ni vilevile kwa kasi ndogo: foleni ya Kondele kule Kisumu, mwendo wa miguu, tuk-tuk mbele yako na mama mwenye beseni la samaki pembeni. Huko ndiko mtu huangukia, na mara nyingi mwendo wenyewe ni kilomita kumi kwa saa.

Kwa nini kasoro hizi mbili hutembea pamoja kwenye pikipiki za aina hii? Kwa sababu ya bei. Mtengenezaji anajua kijana atatazama injini, taa, rangi na breki za diski. Vali zilizo ndani ya shoki hazionekani kwenye picha, basi hapo ndipo pesa hupunguzwa. Upande wa mafuta nako kuna sheria za moshi. Injini za sindano, yaani zile ambazo kompyuta ndiyo inayopima na kunyunyizia mafuta, hupangwa zinywe kidogo kadiri inavyowezekana, na ukifunga mkono kabisa ukiwa mwendoni, kompyuta hukata mafuta yote. Ukifungua tena, yanarudi ghafla. Kabureta haikati hivyo. Injini huendelea kuvuta tone lake. Ndiyo maana mtu aliyejifunzia kwenye bodaboda hushangaa: hajawahi kukutana na jambo hilo, si kwamba hajui kuendesha.

Mfano unaojulikana duniani ni MT-09 ya Yamaha. Ilipotoka mwaka 2013 na injini yake ya silinda tatu, cc 847, waandishi walioijaribu waliisifia injini hiyo na kuikosoa kwa mawili hayahaya: shoki zilizoyumba na mkono wa mafuta uliorusha, hasa kwenye ile hali ya kuendesha iitwayo A, iliyo kali kuliko zote. Yamaha waliendelea kuirekebisha. Ya 2017 ilikuja na shoki za mbele zenye marekebisho zaidi, na ya 2021 ikapata injini kubwa zaidi na fremu mpya. Kwa hiyo ukiikuta hapa kwetu ikiuzwa mtumba, uliza ni ya mwaka gani kabla hujauliza bei. Ndugu yake mdogo MT-07, silinda mbili, cc 689, katika miaka ya mwanzo ilikuwa na shoki laini pia, za mbele zisizo na marekebisho yoyote, lakini mafuta yake yalifunguliwa kwa kebo ya kawaida na kwa upole. Mwaka 2018 springi zake zilikazwa. Kati ya hizo mbili za zamani, mgeni ningempa MT-07 bila kufikiri mara mbili, ingawa kwenye karatasi ile nyingine ndiyo yenye vitu vingi.

Si kila mtu ananunua Yamaha kubwa, najua. Wengi wenu mnatazama Pulsar NS200, Apache au Duke. Hesabu ni ileile, isipokuwa kwamba kwenye pikipiki ndogo iliyotumika kasoro nyingi za mkono wa mafuta si za kiwandani. Ni uzembe wa aliyekuwa nayo, na hapo ndipo mnunuzi mwenye subira hupata bahati.

Basi ijaribu hivi. Usiende Kenyatta Avenue. Tafuta barabara tulivu ya Milimani au Section 58. Weka gia ya pili, mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa, funga mafuta kabisa, kisha fungua kidogo sana. Rudia mara nyingi. Sikiliza kwa miguu na kwa masikio. Ukisikia "ko" ya chuma kabla pikipiki haijavuta, hiyo si kompyuta, hiyo ni nafasi iliyo mahali fulani kati ya injini na gurudumu. Shuka, tazama cheni. Kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma kwa kawaida kuna stika inayosema cheni ilegee milimita ngapi. Pikipiki hutofautiana sana, kwa hiyo soma stika, usimwachie makanika abahatishe kwa kidole. Zungusha gurudumu uipime sehemu kadhaa, maana cheni iliyochakaa hukaza upande mmoja na kulegea mwingine, na hiyo hairekebishiki, hubadilishwa pamoja na sproketi zake, yaani magurudumu yenye meno yanayoshika cheni.

Halafu kuna raba. Ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nyuma ya sproketi, kuna vipande vya raba vinavyomeza kishindo. Weka gia, injini ikiwa imezimwa, shika tairi ulitikise mbele na nyuma huku ukiangalia sproketi. Ikiwa tairi linacheza sana kabla sproketi haijafuata, raba zimekwisha. Watu hubadilisha cheni mara tatu bila kuzigusa raba hizi, na wanaendelea kulalamika kwamba pikipiki ni kichaa. Ni spea ndogo, ya bei ndogo.

Cha tatu ni kebo ya mafuta. Mkono unatakiwa kucheza kidogo kabla haujavuta. Kwenye pikipiki nyingi ni milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mpini. Ikizidi, kila unapofungua unaanza kwa kuvuta hewa, kisha unazidisha. Usiikaze kupita kiasi vilevile, kwani ukikata mpini hadi mwisho kebo inaweza kuvuta yenyewe na injini ikapanda. Washa injini, geuza mpini kushoto na kulia, sikiliza kama mlio unabadilika. Pikipiki mpya zaidi hazina kebo inayofika hadi injini, mkono unaongea na kompyuta kwa waya. Duke 390 ilihamia huko mwaka 2017. Kwa hizo tafuta kama kuna hali ya mvua au hali laini, uijaribu hiyo kwanza.

Ukimaliza yote hayo na bado inarusha, rudisha ufunguo. Kuna watakaokwambia kompyuta inaweza kupangwa upya, na ni kweli, nchi nyingine hilo ni jambo la saa moja. Huku kwetu magharibi jiulize nani ataifanya, kwa mashine gani, na ikiharibika utaisukuma hadi wapi.

Kuna jambo la milima ambalo mnunuzi wa Kisumu anayekuja kununua Nakuru hulisahau. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu 1,130 hivi. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Pikipiki uliyoijaribu hapa ikiwa mpole itakuwa na nguvu kidogo zaidi ukifika ziwani, na mkono wake wa mafuta utakuwa mkali kidogo zaidi pia. Ya kabureta iliyopangwa Kisumu, nayo, ikipanda huku itakunywa kupita kiasi kwa hewa iliyopo na kukohoakohoa. Ya sindano hujirekebisha yenyewe.

Sasa shoki, ambazo nimesema nitazivumilia. Kuvumilia kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni abiria. Pikipiki hizi nyingi zimepangiwa mtu mmoja wa uzito wa wastani. Ukimbeba mke wako na begi kutoka Nakuru kwenda Kisumu, ukipita matuta ya Salgaa, kisha kuteremka Kericho hadi Awasi na Ahero ambako matuta mengine hayana hata rangi, shoki ya nyuma itagonga mwisho wake. Ikigonga mwisho, si laini tena, ni chuma juu ya chuma, na tairi hurushwa kutoka kwenye lami. Kama safari zako ni hizo, shoki ni muhimu kwako kuliko nilivyosema.

Kupima hakuhitaji mashine. Unahitaji utepe wa fundi nguo na marafiki wawili. Pikipiki ikiwa imeinuliwa gurudumu la nyuma linaning'inia, pima kutoka ekseli hadi alama moja juu yake kwenye mkia. Ishushe, kaa juu yake umevaa kama unavyoendesha, rafiki mmoja aishike, mwingine apime tena. Tofauti ikiwa kati ya milimita 30 na 40, uko sawa kwa pikipiki ya barabarani. Ikizidi, kaza pete ya springi. Na hapa wengi hudanganyika: kukaza pete hakufanyi springi kuwa ngumu, hubadilisha tu urefu ambao pikipiki inakalia. Ukiikaza hadi mwisho na bado unazama milimita 50, springi hiyo ni ya mtu mwepesi kuliko wewe.

Mbele, funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba linalong'aa, isogeze hadi chini kwenye sili, ile raba inayozuia mafuta ya shoki yasivuje, uende mzunguko mmoja wenye matuta na breki mbili tatu za nguvu. Ukirudi, kamba itakuonyesha shoki ilizama hadi wapi. Ikiwa imefika mwisho kwa mwendo wa kawaida, kumbuka hilo unapojadili bei. Pitisha kidole juu ya sili pia. Mafuta hapo yanaweza kuteremka hadi kwenye diski ya breki, na hiyo si kasoro ya kuvumilia, hiyo inarekebishwa kabla hujaondoka.

Kisha kandamiza pua mara moja kwa nguvu, uachie. Irudi juu itulie. Ikiruka mara ya pili na ya tatu, mara nyingi mafuta ya ndani yamechoka. Springi kazi yake ni kubeba. Mafuta ndiyo yanayozuia kuruka. Pikipiki nyingi za bei hii zina shoki za mbele ambazo mafuta hupita kwenye matundu tu, bila vali za maana, kwa hiyo huwa laini mno kwenye mawimbi ya taratibu na ngumu mno kwenye shimo kali. Ukihisi hayo mawili kwa pamoja usifikiri unaota. Mafuta mazito kidogo hupunguza kuruka lakini huongeza ugumu kwenye mashimo, kwa hiyo panda hatua moja tu, usimruhusu makanika akuwekee mafuta ya injini kwa sababu ndiyo aliyonayo.

Ukishanunua, mpango wa matumizi ni huu: hewa ya matairi kwanza, kwa kipimo cha kitabu wala si cha kidole gumba. Mafuta ya shoki na sili yafuate. Baada ya hapo endesha miezi michache kabla ya kufikiria springi za mbele za uzito wako. Shoki mpya ya nyuma iache iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote, na kwa pikipiki kubwa huenda ukaiagiza ng'ambo na kuisubiri. Kwa wakati huo wa kusubiri, mjini tumia gia moja juu ya uliyoizoea, acha mafuta wazi kidogo huku ukikanyaga breki ya nyuma kwa upole, na klachi iwe vidoleni.